Wiki tatu na O2, amplifaya ndogo ya hedifoni: niliyoyasikia na niliyodhani nimeyasikia

SikioLaPili:
Wakuu salaam. Niliahidi mrejesho wa O2 niliyoilehemu mwenyewe, na wiki ya kwanza imekwisha, basi huu hapa. Ni mrefu kidogo. Mwenye haraka aruke hadi kwenye hedifoni ya HD 600, utamu uko huko.

Kwa wasioijua: O2, jina kamili Objective2, ni amplifaya ya hedifoni iliyotolewa mwaka 2011 na mhandisi aliyejiita NwAvGuy. Michoro aliimwaga hadharani pamoja na orodha ya vipuri na vipimo vyake vyote, ila jina lake halisi hakulitoa. Mwaka 2012 akanyamaza, bila hata kuaga. Watu bado wanajenga kitu chake na hawajui wamshukuru nani. Ndani hamna uchawi: IC (kile kijichipu cheusi) ya NJM2068 inakuza, inafuata volyumu, kisha IC mbili za NJM4556 zinasukuma hedifoni. Betri mbili za volti 9 zinalala humohumo ndani ya boksi, kwa hiyo inabebeka, ingawa kwa kweli inabebeka na mtu mwenye koti la mifuko mikubwa.

Chanzo changu ni simu, kupitia adapta ya Apple ya Type-C ya kuchomekea hedifoni, ile inayofika volti 1. (Kuna ya soko la Ulaya inayoishia nusu volti, zinafanana kama mapacha, kuweni macho.) Hedifoni ni Sennheiser HD 600 ya omu 300 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), Koss Porta Pro ya omu 60, na eafoni zangu za kuzamisha sikioni zenye spika ndogo tatu kila upande.

Sasa HD 600. Kabla ya O2, nikichomeka kwenye adapta moja kwa moja, rekodi za zamani zenye sauti ndogo zilikuwa zinanilazimu kupandisha simu hadi mwisho, na bado natamani kuongeza. Muziki upo na huwezi kusema kimepungua nini, lakini ni kama mazungumzo ya chumba cha pili. Nilipoweka O2 katikati, mlango ukafunguliwa. Besi gitaa ikapata mwili. Ngoma ya mguu iliyokuwa inasema "pu" ikaanza kusema "dumm". Kuna rekodi moja ya mwimbaji wa kike na piano peke yake, naijua kama kiganja changu, nimeisikiliza miaka kumi. Safari hii nikamsikia akimeza mate kabla ya ubeti wa pili. Nikarudia mara tatu. Nikamwita mdogo wangu naye asikie, akaniangalia kama mgonjwa.

Jukwaa, yaani ile hisia ya vyombo kukaa mahali mbalimbali mbele yako, nalo limepanuka. Fidla zimesogea kushoto zaidi, na kati ya chombo na chombo unaona hewa.

Porta Pro sina mengi. Hizi zina besi za kuzaliwa nazo tangu 1984, O2 imezikaza kidogo tu. Kwenye eafoni kilichonishangaza ni ukimya: wimbo ukisimama, hakuna ule mchirizo wa "shhh". Kimya kabisa.

Kwa hiyo hadi sasa: uwazi umeongezeka, besi imekazwa, jukwaa limepanuka, na kwenye HD 600 tofauti ni mbingu na ardhi. Karibuni kwa maswali.

BesiNzito:
Hongera sana mkuu, umeeleza vilevile nilivyoisikia mimi kwa rafiki yangu. Hapo bado. Iache iimbe saa mia izoee, utakuja kutuambia.

Nyuzi32:
Nakaa hapa kusubiri wataalamu.

FundiRisasi:
Kazi nzuri ndugu yangu, nimeziona lehemu zako, zinang'aa. Kabla sijasema lolote nina swali moja. Ulisawazishaje sauti kati ya adapta na O2?

SikioLaPili:
Kwa sikio. Nilizungusha volyumu hadi nikaona zimelingana.

FundiRisasi:
Nilijua. Usikasirike, sote tumepita hapo.

Sikio lina tabia moja mbaya. Ukilipa sauti mbili za namna moja, moja ikaizidi mwenzake kwa desibeli moja tu, halikwambii "hii ni kubwa zaidi". Linakwambia "hii ni safi zaidi", "hii ina nafasi", "hii ina uhai". Kwa besi ndiyo linadanganya kabisa, kwa sababu masikio yetu ni mazito kwenye sauti nene: ukipandisha kidogo, besi inajitokeza haraka kuliko sauti za kati. Yaani kila ulichoandika hapo juu, tangu "dumm" hadi mate ya mwimbaji, kinaweza kuwa ni volyumu tu. Sijasema ndivyo. Nimesema kinaweza.

Fanya hivi. Chukua multimita, iweke kwenye volti za AC. Cheza mlio wa hezi 400. Usipande kwenye maelfu, kwa kuwa multimita nyingi za kawaida zimetengenezewa umeme wa ukutani wa hezi 50 au 60, na kadiri unavyopanda ndivyo zinavyoanza kusema uongo. Tumia waya wa matawi mawili ili hedifoni ibaki imechomekwa wakati unapima, maana kifaa kikiwa hakina mzigo kinasoma vingine. Andika volti za adapta, kisha zungusha O2 hadi usome hizohizo. Tofauti isizidi desibeli 0.1, ambayo ni kama asilimia 1 ya volti. Halafu mtu mwingine awe anabadilisha na wewe usione.

Multimita kama huna njoo uchukue yangu.

Na hizo saa mia, BesiNzito, kinachozoea ni kichwa. Rezista na IC hazina la kuzoea.

BesiNzito:
Fundi, namba haziimbi. Mimi nina masikio na yananitosha.

FundiRisasi:
Namba haziimbi, kweli. Lakini na wewe ukisikiliza ukiwa unajua kipi kinacheza, hata macho yako yanasikiliza.

Mgeni_07:
Wakuu samahani kuingilia kati. Mimi pia nina O2, chanzo ni mashine ya CD. Nikiweka swichi ya geini (ile ya kuchagua sauti ikuzwe mara ngapi) kwenye kubwa, muziki unakwaruza vibaya, hata volyumu ikiwa karibu na sifuri. Nikirudisha ndogo inatulia. IC imekufa? Nimeshanunua nyingine, nasubiri tu mtu aniambie nianze kuchomoa.

FundiRisasi:
Weka chini hiyo pasi ya kulehemu! IC yako ni nzima.

Mashine ya CD inatoa kama volti 2. Geini kubwa ya O2 ni mara 6.5. Zidisha: volti 13, na hizo ni za wastani wa rms, kilele chake kinapita 18. Betri zako zinatoa 8 na ushei kila upande. Kwa hiyo IC ya kwanza inagonga dari na vichwa vya mawimbi vinakatwa. Watu wengi linalowachanganya ni hili: kwenye O2 volyumu iko baada ya hatua ya kukuza, si kabla yake. Muziki unafika kwenye volyumu ukiwa tayari umeharibika. Ukipunguza, unapunguza sauti ya uharibifu.

NwAvGuy mwenyewe alichora hivyo makusudi. Volyumu ikiwa baada ya IC ya kwanza, ukiishusha unashusha na kelele ya hiyo IC. Ndiyo sababu SikioLaPili amekuta ukimya kwenye eafoni zake. Kila kizuri na gharama yake, na gharama ya hapa ni kwamba lazima ujue chanzo chako kinatoa volti ngapi.

Wewe baki kwenye geini ndogo, mara 2.5. Inakuja volti 5, kilele 7 na kidogo. Betri zikiwa zimejaa utapita kwa shida shida, zikianza kuchoka itabana. Ukiwa nyumbani chomeka kwenye umeme, hapo saketi inapata volti 12 kila upande na unakuwa na nafasi ya kutosha.

Mgeni_07:
Imekwisha kabisa mkuu, asante sana. Nimebaki na IC za bure.

FundiRisasi:
Ziweke. Siku moja utakosea mwenyewe, utazihitaji.

MamaKaseti:
Vijana, nimekaa pembeni nawasoma, na mimi niseme kidogo.

Amplifaya yangu ya kwanza ilikuwa CMoy. Wengi wenu mtakuwa hamjaiona: mchoro wa Chu Moy uliotoka kwenye tovuti ya HeadWize, ile ambayo kila mtu aliijenga ndani ya kopo la bati la peremende. Betri moja ya volti 9, rezista mbili zinaigawa katikati ili upate chanya na hasi, opampu moja (IC ya kukuza), basi. Mchana mmoja tu unatosha kuimaliza. Niliipenda kuliko vitu nilivyonunua kwa pesa nyingi.

Lakini geini yake ilikuwa mara 11. Kwa hedifoni kubwa nzito, raha. Siku nilipochomeka eafoni ndogo nyepesi, kwanza nikasikia mvua. Nikaangalia dirishani. Mvua ilikuwa ndani ya kopo. Na kugusa volyumu kidogo tu sauti imeshakuwa kubwa, nikirudisha nyuma upande wa kushoto unaimba peke yake na wa kulia umelala. Volyumu za kuzungusha zina njia mbili ndani, na kule mwanzoni kabisa mwa mzunguko njia hizo hazilingani. Ukiwa na geini nyingi, unaishi kule mwanzoni siku zote.

Ninachotaka kukuambia wewe SikioLaPili ni kwamba unauliza "O2 inasikikaje" kana kwamba O2 ina sauti yake. Jaribu kuuliza imechomekwa nini. Na mashindano uliyoiandalia ni ya upendeleo, maana hiyo adapta yako ndogo ni nzuri kuliko sura yake. Itafutie mpinzani dhaifu. Huna laptopu kuukuu? Chomeka eafoni zako zile za spika tatu kwenye laptopu, kisha kwenye O2, halafu uje utusimulie.

SikioLaPili:
Shikamoo mama. Laptopu ninayo, hata kifuniko chake kimefungwa kwa gundi. Nitaijaribu. FundiRisasi, kesho napita kwako kuchukua multimita.

Nyuzi32:
Uzi umenoga.

SikioLaPili:
Wakuu, nimerudi, na nimerudi nimeufyata.

Naanza na HD 600, maana ndiyo niliyoipigia kelele. Ile siku ya kwanza nilitia alama ya penseli pale nilipoona O2 na adapta zimelingana. Nimepima palepale. Adapta volti 0.30. O2 volti 0.38. Hiyo ni desibeli 2 kamili. Kwa sikio nilikuwa naapa zimelingana.

Nikasawazisha zote 0.30. Adapta nikaigawa: tawi moja linaenda swichi moja kwa moja, lingine linapitia O2 kwanza. Mdogo wangu akakaa nyuma yangu na sarafu. Anairusha, anaweka upande uliotokea, mimi nataja kipi. Mara 16. Kwa mujibu wa FundiRisasi, kupata 12 au zaidi kati ya 16 kwa kubahatisha ni chini ya mara 4 katika 100, kwa hiyo 12 ndiyo ilikuwa ya kuitafuta.

Nilipata 9.

Nikasema nimechoka, tukarudia kesho yake asubuhi. Nikapata 7. Mdogo wangu akasema hata ile sarafu ingejitahidi zaidi, na sikuwa na la kumjibu.

Jukwaa lililopanuka halikupanuka. Besi iliyokazwa haikukazwa. Na yule mwimbaji, wakuu, anameza mate kwenye adapta pia. Alikuwa anameza miaka yote kumi, ila mimi ndio nilikuwa sijawahi kumsikiliza kwa makini, kwa sababu sikuwahi kuwa na kifaa kipya cha kukitafutia sifa.

Lipo lililobaki, na nalisema bila aibu. Adapta ikifika mwisho ni volti 1, na kwenye omu 300 hiyo ni miliwati 3 na kidogo. O2 kwenye geini ndogo inanipa volti 2.5 kutoka kwenye adapta ileile, karibu miliwati 21. Ni desibeli 8 za ziada. Kwa nyimbo za siku hizi zilizobanwa juu sina kazi nazo. Kwa zile rekodi za zamani, ambapo fidla moja inanong'ona dakika tatu kabla ya okestra nzima kuamka, nina kazi nazo sana. Kile nilichokiita chumba cha pili ni hicho. Haikuwa sauti mbaya, ilikuwa ndogo.

Sasa laptopu, na hapa MamaKaseti nakuvulia kofia.

Kwanza tukapima ukinzani wa tundu lake la hedifoni. Bila mzigo inatoa volti 0.50. Nikiweka rezista ya omu 32, inashuka hadi 0.30. Hesabu ni rahisi: 0.50 gawanya kwa 0.30, toa 1, zidisha kwa 32. Inakuja omu 21. O2 ni kama nusu omu.

Kisha FundiRisasi akapima eafoni zangu mlio kwa mlio. Kumbe hazina ukinzani mmoja kama boksi linavyodai. Kwenye sauti za kati zinapanda hadi omu 40, kule juu kwenye matoazi zinashuka hadi 10. Ukiziweka kwenye laptopu, omu 21 za laptopu zinagombania volti na eafoni, na pale eafoni ilipo dhaifu ndipo inaponyang'anywa zaidi. Kwenye omu 40 inapoteza desibeli 3.7. Kwenye omu 10 inapoteza karibu 10. Yaani matoazi yameshuka desibeli 6 chini ya sauti za kati na hakuna aliyegusa kitu chochote. Kwenye O2 tofauti hiyohiyo haifiki hata desibeli 0.4.

Mara 16 kati ya 16. Sikuhitaji hata wimbo kufika kwenye kiitikio. Kwenye laptopu matoazi yamefunikwa blanketi, herufi "s" za mwimbaji zimelala. Kwenye O2 blanketi limeondolewa. Mdogo wangu, ambaye hajali chochote kati ya haya, alivaa naye akatambua zote.

Halafu nikachomeka HD 600 kwenye laptopu ileile mbovu. Ukinzani wake nao si tambarare, kwenye besi unapanda toka 300 hadi karibu 500. Lakini mbele ya 300, hizo omu 21 ni kitu gani? Tofauti yote ni kama desibeli 0.2. Sikusikia kitu.

Kwa hiyo nilijenga amplifaya kwa ajili ya hedifoni kubwa ambayo kila mtu aliniambia bila amplifaya haisikilizwi, na iliyonusuriwa ni eafoni ndogo ambayo hata simu inaiendesha bila jasho.

FundiRisasi:
Hapo ndugu yangu umesoma. Ongeza hili tu: laptopu hiyo ingeponywa na adapta yako hiyohiyo, haina hata omu 1. Ni suala la tundu bovu. Hapo O2 haikufanya lolote ambalo adapta ile isingefanya. Ndiyo maana watu husema ukinzani wa chanzo usizidi sehemu ya nane ya ule wa hedifoni. Eafoni inayoshuka hadi omu 10 inataka chanzo cha omu 1 na robo. HD 600 inaridhika hata na 37.

SikioLaPili:
Nimeijaribu jana baada ya kuandika. Ni kweli, laptopu na adapta, blanketi halipo. Nilitumaini hutagundua.

BesiNzito:
Mimi bado sijashawishika. Mkuu, umesikiliza kwa volti 0.30, sauti ya maktaba. Mimi naweka geini kubwa, nafungua, na besi inanipiga ngumi. Adapta yako haiwezi hiyo ngumi. Hilo hamkulipima.

FundiRisasi:
Tulilipima, ndizo zile desibeli 8. Ukiweka geini kubwa zinakuwa 16. Hatujabisha kwamba O2 ina nguvu kuliko adapta. Tunabisha kwamba kwa sauti iliyolingana ina ladha tofauti.

MamaKaseti:
BesiNzito mwanangu, hiyo ngumi unaipokea saa ngapi kwa siku?

BesiNzito:
Kazini, mama. Saa tano sita hivi.

MamaKaseti:
Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, hapo uko salama. Ukifika desibeli 90, zile saa 40 zinakuwa 4. Kwa wiki, sikusema kwa siku. Nina rafiki niliyekuwa naye tangu enzi za kaseti, alipenda ngumi kama wewe. Sasa hivi sikio lake la kulia lina mlio usiozimwa, usiku na mchana, na yeye hana volyumu ya kuupunguza. Weka geini ndogo.

BesiNzito:
Nimesikia mama.

MamaKaseti:
Na ndicho tunachotaka kiendelee.

Nyuzi32:
Mimi niulize la kawaida. Hii kitu inabebeka kweli? Natembea sana, na picha zinaonyesha kama tofali.

SikioLaPili:
Inabebeka kama kitabu kinavyobebeka. Mfukoni mwa suruali sahau.

Wiki nzima nimetembea nayo begani, nikiwa nimeifunga na simu kwa mipira, na tatizo kubwa halikuwa uzito. Lilikuwa simu yenyewe. Mawasiliano yakishuka hadi 2G unapata ile "didi-didi-dididi" sikioni, halafu mtu anapiga. Simu za GSM zinarusha mawimbi kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, waya wako mfupi unakuwa antena, na IC inaugeuza ule mdundo kuwa sauti. Nikizitenganisha kwa urefu wa kiganja inapungua sana. Nikiweka hali ya ndege inaisha, ila hapo simu imekuwa redio.

Betri nimeweka za kuchaji, NiMH zile za volti 8.4. Zinakaa saa 6, siku nyingine 7. Moja ikichoka kabla ya mwenzake saketi inazima zote mbili kwa pamoja, na ninaona ni busara, kwa sababu upande mmoja ukibaki hai peke yake umeme wa moja kwa moja ungeingia kwenye hedifoni na kuzichoma. Mimi mara ya kwanza nilidhani nimeharibu kitu, nikafungua boksi lote. Kumbe betri.

Kwa anayetembea sana na ana eafoni, ningemwambia achukue adapta ndogo nzuri, afunge mjadala.

Nyuzi32:
Shukrani mkuu, umeniokoa.

Mgeni_07:
Kwa hiyo unaiuza? Kama unaiuza niambie mapema.

SikioLaPili:
Siiuzi. Usiku inakaa kando ya kitanda na HD 600, kwa zile rekodi za zamani, na simu naiacha chumba kingine na waya mrefu. Volyumu haipiti saa sita ya mshale. Halafu nimeilehemu mwenyewe, huo ni ugonjwa mwingine, hauna multimita.

FundiRisasi:
Ukitaja multimita. Yangu iko wapi?

SikioLaPili:
Kesho, Fundi. Kuna mlio mmoja tu nataka kuurudia.